Jeti ya Rubani Mmoja: Kwenda kwa Treni, Kurudi kwa Mabawa

Tangu nirudi sijapata kunywa chai ikiwa moto. Nikikaa tu pale mgahawani Somanda, kikombe hakijafika mdomoni, mtu anavuta kiti: "Mabula, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Nikimaliza na huyu anakuja mwingine, na huyo mwingine ameshasikia mahali kwamba nilianguka na ndege Zambia. Sikuanguka popote. Nimeona niandike mara moja tu, kila mwenye swali asome, nami ninywe chai yangu.

Kwa wasiojua mwanzo wake, Bwana Nassoro, tajiri wangu, ndiye mwenye kile kinu kipya cha kuchambulia pamba kule Kasoli. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, wanunuzi wamekuwa wengi kuliko pamba yenyewe, na anayechelewa anakuta maghala yamefagiliwa. Bwana Nassoro akaona dawa ni jeti ndogo, ya viti sita vya abiria, aliyoipata Johannesburg ikiwa imetumika kidogo. Ingekaa Mwanza, maana uwanja wetu wa Bariadi ni wa mbuzi kuliko wa ndege.

Sasa, jeti kwa desturi huwa na marubani wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine anasoma orodha ya ukaguzi, anaongea na mnara, anamkumbusha mwenzake alichosahau. Zipo jeti chache ndogo zilizopimwa zikakubaliwa kurushwa na mtu mmoja, na hii ya Bwana Nassoro ni mojawapo. Lakini ndege kukubaliwa hakutoshi. Nawe sharti ukubaliwe. Mtahini anakaa kando yako, hakusaidii hata kwa kukohoa, na wewe unaonyesha kwamba mikono miwili na kichwa kimoja vinatosha kwa kazi ya watu wawili.

"Kapteni," Bwana Nassoro aliniambia, "ukikipata hicho cheti, ndege ni yako kuirusha. Ukikikosa, watu wa bima wanataka marubani wawili wazoefu wa jeti, na hao itabidi niwatoe nje. Wewe sitakufukuza bwana, utasimamia mizani kinuni."

Mizani! Miaka kumi na miwili nimerusha ndege za pangaboi, nikianzia na zile za kunyunyizia dawa mashambani, leo niende nikapime pamba? Nilimjibu kwamba nitafaulu.

Nikaomba niende kwa treni na basi, nipate siku nyingi za kusoma lile kabrasha la ndege bila mtu kunituma. Bwana Nassoro alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Rubani anakwenda kuchukua jeti kwa treni! Lakini aliniruhusu.

Nkololo: kuaga

Nilianza kwa kwenda nyuma, Nkololo, kumuaga baba. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mzee alikuwa shambani anatayarisha sehemu ya pamba. Kulima kwa ng'ombe ni kazi ya watu wawili, mmoja mbele anawaongoza, mwingine nyuma kwenye mishikio ya plau. Baba hulima peke yake tangu sisi wanawe tutawanyike. Anawaongoza Sultani na Meja kwa mdomo. Anawaita majina, anawaambia anachotaka, halafu anajijibu mwenyewe kwa niaba yao.

Nilisimama pembeni nikangoja. Baba akiwa katikati ya mstari hasalimiwi. Ukimsalimia anainua kiganja kimoja bila kukutazama, maana yake subiri. Bwana shamba mmoja mgeni aliwahi kuinuliwa kiganja hicho, akaondoka akisema yule mzee ana kiburi. Hana kiburi hata kidogo. Ila mstari ukipinda kwa sababu ya salamu, salamu hiyo utaitazama shambani mpaka mavuno.

Alipofika mwisho, akasimamisha ng'ombe, akafuta jasho, akawa baba yangu tena.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, kwamba salama tu.

Akaniuliza watoto, mke, majirani, mvua ya mjini, mmoja mmoja, kila mmoja na zamu yake. Ndipo nikamweleza safari.

"Peke yako kabisa?" akauliza.

"Peke yangu."

"Na hiyo ndege, ukiisemesha inasikia?"

"Haisikii, bhabha."

"Isemeshe hivyo hivyo. Utasikia wewe."

Mama akanifungia mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga za kutafunia pamoja. Nilimwambia huko niendako kuna chakula. Akasema hata hapa kipo, chukua.

Kasoli hadi Mwanza: juu ya marobota

Lori la kinu lilikuwa linapeleka marobota ya pamba Mwanza. Nikapanda juu. Hakuna daraja la kwanza duniani linaloshinda robota la pamba, isipokuwa hujui lini litaamua kuhama. Dereva alikuwa Shija, mtu wa maneno mengi, na mbele alikaa na utingo wake mwenye umri wa kutosha kuwa babu.

Kabla ya Lamadi tukazama kwenye tope, magurudumu ya nyuma yote mawili. Tulikata matawi, tukachimba, tukasukuma, tukakaa. Tulipokuwa tumekaa ndipo Shija akaniuliza lile swali ambalo kuanzia hapo niliulizwa na kila binadamu niliyekutana naye njiani.

"Sasa Mabula, ukiwa huko juu peke yako, ukishikwa na kizunguzungu?"

"Sitashikwa."

"Hata lori lina utingo, ndugu yangu. Lori! Nalo liko chini."

Utingo mwenyewe alitikisa kichwa kwa kunihurumia. Tulikwamuliwa jioni na trekta lililopita, nikaingia Mwanza na nyuzi za pamba kwenye nywele kama mtu aliyezeeka njiani.

Treni mbili na mwalimu mmoja

Treni ya Mwanza kwenda Dar ilichelewa kuondoka, kisha ikachelewa kufika, na katikati ilikuwa inasimama kupumzika. Sikulalamika, nilikuwa na kabrasha langu. Cha kusimulia ni kuku wa Saranda tu. Treni inasimama, madirisha yote yanafunguka, kuku wa kukaanga wanapita juu ya vichwa. Nilinunua paja, nikanunua la pili, nikasoma ukurasa wa injini kuwaka moto nikiwa na vidole vya mafuta. Ukurasa huo mpaka leo una doa.

Ya pili, ya kutoka Dar kwenda Zambia, ndiyo iliyonifundisha kazi. Mchana nilikuwa nakaa behewa la chakula. Nilikuwa nimeandika orodha zote za ukaguzi kwa Kiswahili kwenye daftari, nazikariri kwa midomo tu bila sauti. Meza ya pili alikaa mama mmoja wa Tukuyu, Mama Atupele, mnene, mchangamfu, mwenye kikapu cha ndizi. Alinitazama muda mrefu, kisha akahamia kwangu.

"Mwanangu, unaumwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza, akamenya ndizi, akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukishikwa na kizunguzungu?"

Nikaanza kucheka. Naye akacheka, akaninyang'anya daftari. "Haya, nitakusomea. Mafuta?"

"Yapo, pande zote mbili sawa."

"Milango?"

"Imefungwa."

"Breki?"

Hivyo tukarusha lile behewa kutoka Mlimba mpaka Makambako. Mhudumu alipopita na sinia, Mama Atupele akamtupia, "Mafuta?" naye akajibu bila kusita, "Yamebaki ya chapati tu." Abiria wengine wakaanza kuitikia. Nikikosea, behewa zima linaguna. Nilikuwa nikinong'ona, Mama Atupele hakutaka. "Sema kwa sauti! Mtu anayefanya kazi peke yake akinyamaza, nani atajua amekosea?"

Aliposhuka Mbeya aliniachia ndizi nne na onyo moja, kwamba nisiruke bila kunywa chai. Baada ya hapo behewa likapoa, na sioni aibu kusema kwamba nilimkumbuka.

Kapiri Mposhi hadi Johannesburg: michembe mpakani

Mabasi matatu, nchi tatu. Miguu ilivimba, shingo ikakataa kugeuka kushoto. Mpaka wa mwisho, afisa mmoja akafungua mfuko wa mama akakuta vile vipande vikavu, vya kijivu, visivyo na jina kwa Kiingereza changu. Akavinusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Nikasema ni viazi. Wakasema viazi wanavijua. Nikaona wanazungumza kuhusu dawa za kienyeji, nikachukua kipande nikatafuna mbele yao, na michembe hailiki haraka, wenyewe mnajua. Basi zima lilisimama likinitazama natafuna. Nikameza, nikawapa na karanga. Afisa akajaribu kimoja, akafikiri, akaomba cha pili. Tukaachiwa, ila dereva alinisema mpaka Johannesburg.

Mtihani wa kwanza

Mtahini aliitwa Bwana Hendrik, mzee mwenye mvi tupu, mkubwa kuliko baba. Alinipa mkono, akanionyesha ndege. Ilikuwa nyeupe, ndogo, nzuri kuliko picha. Siku chache za mazoezi na mwalimu zilikwenda vizuri. Nilikuwa nasema orodha zangu kwa sauti, Kiswahili kikiisha nachanganya Kisukuma, na mwalimu alizoea.

Siku ya mtihani Bwana Hendrik akakaa kiti cha kulia. Akanieleza kwamba kwa leo yeye ni abiria, hajui chochote kuhusu ndege. Tukaruka. Akazima mtambo unaoendesha ndege wenyewe, akasema umeharibika, nishike kwa mkono. Nikashika. Mnara ukaniambia nipande mpaka futi elfu kumi, nibaki hapo. Nilikuwa napanda vizuri, zimebaki futi mia tano, ndipo akageuka taratibu akaniuliza:

"Kijana, baba yako bado yu hai?"

Jamani, nyinyi mngefanyaje? Mzee wa mvi anamuulizia baba yako! Nimelelewa Nkololo mimi. Nikamgeukia. Nikamwambia yu hai, ni mzima, anashukuru. Akauliza, anafanya kazi gani? Nikasema mkulima. Mama je? Naye mzima. Ng'ombe? Hapo nikaanza kuwataja. Niliporudisha macho kwenye saa ya kimo, tulikuwa futi mia tatu juu ya pale tulipoambiwa, na mnara ulikuwa unaniita mara ya pili.

Hakugomba. Tulitua, akafungua mkanda, akasema kwa upole, "Mikono yako ni mizuri. Lakini ndege yenye rubani mmoja haina mtu wa kuirusha wakati rubani anazungumza. Rudi keshokutwa. Nafasi ya tatu sina ya kukupa."

Siku ya katikati

Nilikaa nyumba ya wageni nikitazama ukuta, naona mizani ya Kasoli imening'inia pale. Niliona aibu, nasema kweli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuona kosa. Futi mia tatu nilizielewa, adabu ndiyo sikujua nifanye nayo nini. Nikijilazimisha kutomjibu mzee, nitakuwa mtu gani? Na nikimjibu, nitapima pamba.

Nikafungua mfuko wa mama nipate cha kutafuna. Michembe ilibaki konzi chache. Natafuna, naona shamba, Sultani na Meja wanapanda kijimwinuko, na mimi nimesimama pembeni, mwana wa kuzaa, ninayekwenda nchi za mbali, naye baba hanitazami. Sikuwahi kuona amenivunjia heshima. Alikuwa anamaliza mstari, basi. Halafu aliniuliza mpaka jirani zangu.

Nikasimama na mchembe mdomoni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na koleo lenyewe nilikuwa nalo tangu utoto.

Mtihani wa pili

Asubuhi nilikunywa chai kwanza, kama nilivyoagizwa. Kabla ya kuwasha injini nikamgeukia Bwana Hendrik.

"Mzee, wewe ni abiria wangu, nina neno. Kwetu mtu akiwa katikati ya mstari wa kulima hasemeshwi. Ukiniona nimeinua kiganja hivi, si dharau, bado sijafika mwisho. Nikifika nitakujibu yote."

Alinitazama. Akaandika neno kwenye karatasi yake.

Tukaruka. Nikaisemesha ndege kuanzia magurudumu mpaka mabawa, kwa sauti, najiuliza na kujijibu. Magurudumu? Yamepanda. Mafuta? Sawa pande zote. Kimo? Elfu kumi, zimebaki mia tano.

"Kijana," akasema Bwana Hendrik, "ulisema ng'ombe wa baba wanaitwaje?"

Niliinua kiganja. Moyo uliniambia unamkosea mzee, lakini macho hayakutoka kwenye saa. Elfu kumi kamili. Nikalaza pua, nikaiambia ndege ikae hapo, ikakaa.

Akapunguza nguvu ya injini moja akasema imekufa. Nikiwa naihangaikia akauliza kama mama anapika vizuri. Kiganja. Tukielekea kutua kwa injini moja akaniuliza nina watoto wangapi, na hilo nusura linishinde, maana mtoto wangu wa mwisho nilikuwa nimemkumbuka sana. Kiganja. Magurudumu yakagusa chini, nikaegesha, nikavuta breki, nikazima injini moja, nikazima ya pili, nikasoma orodha ya mwisho mpaka neno la mwisho.

Kisha nikajigeuza mwili mzima.

"Mzee, ng'ombe wanaitwa Sultani na Meja. Mama anapika vizuri, hasa ugali wa mtama. Watoto nina wanne, wa mwisho ndiyo kwanza anaanza kutembea. Na wewe, nyumbani hawajambo?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ametahini watu miaka mingi, wengi humjibu, wachache humwambia anyamaze, lakini hajawahi kurudishiwa maswali yake yote kwa mpangilio. Akatia saini. Halafu, ndani ya ile ndege iliyozimwa, alinieleza habari za wajukuu zake kwa muda mrefu kuliko mtihani wenyewe, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya ndege nikalia kidogo. Anayetaka kunicheka anicheke.

Kurudi

Bwana Nassoro alikuja kwa ndege ya abiria kuchukua mali yake. Tukaondoka wawili, tukashuka Lusaka kuongeza mafuta, tukapita juu ya mito na mipaka yote niliyoihangaikia kwa mabasi. Reli sikuiona, mawingu yalikuwa mengi, lakini nilijua mahali fulani kulia kwetu kuna behewa la chakula, nikamsalimu Mama Atupele kimoyomoyo.

Bwana Nassoro mnamjua, hawezi kukaa kimya. Tukianza kuteremka kuelekea Mwanza akachungulia mbele: "Kapteni, yule mnunuzi wa—" Niliinua kiganja. Nawaambieni, sijawahi kumwona Bwana Nassoro akinyamaza, na hakusema tena mpaka tumeegesha. Baadaye aliniuliza kama huko Johannesburg ndiko marubani wanakofundishwa mambo haya.

Nililala Mwanza, nikafika Bariadi, na siku iliyofuata sikungoja hata chai, nikaenda Nkololo. Sare nilikuwa nimeivaa, mistari ya begani inang'aa, cheti mfukoni. Baba alikuwa bado analima, kile kipande cha mwisho karibu na boma. Nikamwona, furaha ikanizidi nguvu, nikasahau kila kitu nilichojifunza kutoka Nkololo mpaka Johannesburg. Nikakimbia ukingoni mwa shamba nikapaza sauti:

"Bhabha! Nimefaulu! Nimekipata!"

Baba hakugeuka. Aliinua kiganja.

Nikasimama. Viatu vyangu vipya vilikuwa vinazama kwenye udongo. Akawaambia Sultani na Meja wanyooke, wakanyooka. Wakaenda polepole mpaka mwisho kabisa wa shamba, akawasimamisha, akachomoa plau, akafuta jasho kwa mkono wa shati. Kisha akaja akipita kando ya mstari wake, ulionyooka, akanipa mkono.

"Mwangaluka, Mabula. Mhola?"

"Mhola duhu, bhabha."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mke wako?"

"Mzima."

Akanitazama mabega, akanitazama viatu, akatabasamu.

"Haya. Ulikuwa unasema?"